Soma Ukiwa na Jalada Mkononi

Mwaka 2018 nilisimama Mahakama Kuu kwenye rufaa ya kesi ya kubaka, nikiwa na hoja moja niliyoiamini kuliko jina langu. Shahidi mkuu alikuwa mtoto wa miaka tisa, na hakimu hakumhoji kwanza kupima kama anaelewa maana ya kiapo. Nilikuwa na hukumu nne za Mahakama ya Rufani kichwani. Wakili wa Serikali, dada mmoja mtulivu, hakugusa hata moja. Alifungua Sheria Na. 4 ya mwaka 2016 iliyorekebisha kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, akasoma mistari miwili: mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Akaketi. Mtoto wetu alikuwa ametoa ushahidi baada ya marekebisho hayo. Jaji akavua miwani akaniuliza, "Wakili msomi, kifungu hiki umekisoma lini mara ya mwisho?"

Lililoniuma zaidi nililigundua usiku, nilipoufungua tena mwenendo wa kesi. Mtoto yule hakuwa ameahidi lolote. Sababu ya rufaa iliyokuwa na uzito ilikuwa imelala ndani ya kifungu kile kile kipya ambacho sikukisoma. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, ikiketi Bukoba, ilitamka kwamba ushahidi wa mtoto uliopokelewa bila ahadi hauna thamani. Kwenye begi langu siku ile ya aibu kulikuwa na cheti cha semina, na alama zangu za mafunzo za mwaka zilikuwa zimetimia.

Mwongozo huu nauandika kwa wakili wa utetezi wa Tanzania Bara aliye kazini mwaka wa pili, wa tano au wa kumi, anayetaka kuendelea kujifunza jinai kwa namna itakayomfaa mtu aliye kizimbani. Zanzibar wana chama chao cha wanasheria, na Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai zao za mwaka 2018, kwa hiyo wakili wa Unguja au Pemba achukue njia za kusomea, vifungu avitafute kwake.

Tuanze na alama tuzimalize. Mafunzo endelevu ya uwakili, ambayo sote tunayaita CLE, yanasimamiwa na Chama cha Wanasheria Tanganyika, na bila alama zake utapata taabu kuhuisha leseni yako. Zikusanye mapema, usisubiri Desemba. Semina nyingi unazijua: ukumbi wa hoteli, chai saa nne, slaidi sitini, picha ya pamoja. Zipo nzuri, na zinatambulika kwa jambo moja, kwamba mtoa mada anakuja na mwenendo wa kesi halisi na kuwataka mfanye kitu nao. Kama ratiba inaonyesha "mada" tano na hakuna hata saa moja ya zoezi, hudhuria kwa ajili ya alama na kwa ajili ya watu utakaokutana nao mezani, basi. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya semina ya kodi iliyo karibu na ya ushahidi wa kielektroniki iliyo mbali, panda basi. Na uongozi wa chapta yako uuombe kwa barua mada unayoitaka. Waandaaji wengi hurudia mada za mwaka jana kwa sababu hakuna aliyewaomba nyingine.

Kazi yenyewe ya kujifunza inaanzia TanzLII. Ni hazina ya hukumu na sheria inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania, haina malipo, na inafunguka hata kwenye simu ndogo. Kosa tunalolifanya wengi ni kuingia humo na neno moja, mfano "dhamana", kisha kuchukua hukumu ya kwanza inayotupendeza. Fanya kinyume chake. Chukua jalada ulilonalo mezani, liulize swali moja mahsusi, kisha utafute kwa kifungu na kwa neno, ukianza na hukumu mpya kabisa ya Mahakama ya Rufani na kurudi nyuma. Hukumu ya zamani uliyoisoma chuoni itajitokeza yenyewe njiani, ikiwa imenukuliwa, imefafanuliwa au imewekwa kando. Hata ile ya Bukoba niliyoitaja, usiishie hapo: zimekuja hukumu nyingine baada yake zilizolegeza makali yake. Wakili anayeijua ya 2019 tu leo yuko pale pale nilipokuwa mimi mwaka 2018.

Kuna jambo la sasa hivi ambalo limewakuta hata wazee wa kazi. Toleo la Urekebu wa Sheria la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu vingi zimehama. Vifungu tulivyovikariri kama sala, 148 cha dhamana, 192 cha usikilizwaji wa awali, 231 cha haki za mshtakiwa anapotakiwa kujitetea, ni namba za toleo la zamani la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hukumu zote za kabla ya hapo zinatumia namba hizo, na hati za mashtaka za sasa zinapaswa kutumia mpya. Nunua daftari la kurasa mia mbili. Kushoto andika namba ya zamani, kulia mpya, kwa vifungu vile tu unavyovigusa kazini. Usijaribu kuzinakili sheria zote. Jedwali hilo ukilijaza kesi kwa kesi, baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu ambacho hakuna semina itakayokupa. Humu ninapotaja namba, ni za toleo la zamani, kwa sababu ndizo utakazozikuta kwenye hukumu.

Na usichukue rejea ya kesi kutoka kundi la WhatsApp, au kwa programu ya akili mnemba, bila kuifungua hukumu yenyewe. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, hazikuwahi kuwepo duniani. Sisi hatukuhitaji hata mashine. Kuna rejea zinazozunguka kwenye majumuisho ya mawakili wetu ambazo ukiifungua hukumu unakuta inasema kinyume.

Kwenye rafu ya vitabu huhitaji vingi. A Magistrate's Manual cha Jaji Chipeta kiliandikwa kwa ajili ya mahakimu, na hiyo ndiyo sababu ya wewe kukisoma: ujue mtu aliyekaa mbele yako amefundishwa afanye nini na kwa utaratibu upi, ili asipoufanya uone. Kwa ushahidi bado tunamfungua Sarkar, mwandishi wa Kihindi, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika Tanganyika hadi tulipotunga yetu mwaka 1967, na vifungu vingi ni ndugu. Lakini India wameiacha sheria ile. Tangu Julai 2024 wanatumia mpya yenye mpangilio mwingine, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa kwa toleo jipya la Sarkar, angalia linafuata sheria ipi. Kwa kazi yetu la zamani lililochakaa linaweza kufaa zaidi.

Sasa nikuonyeshe ninachokiita kusoma ukiwa na jalada mkononi. Tuseme umepewa kesi ya dawa za kulevya. Usiku, watoto wamelala, panga nyaraka mezani kwa saa na tarehe, siyo kwa mpangilio wa upande wa mashtaka. Mteja alikamatwa saa nane mchana. Hati ya ukamataji mali inasema kete 52, imesainiwa saa nane na nusu, shahidi huru ni mjumbe wa nyumba kumi. Maelezo ya onyo yalianza kuandikwa saa mbili usiku. Barua ya kupeleka kielelezo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ina tarehe ya siku sita baadaye. Taarifa ya Mkemia inasema kete 50.

Hapo una masomo matatu, na kila moja lina mlango wake wa kuingilia. Maelezo ya onyo: sheria inawapa polisi saa nne za msingi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, kukiwa na utaratibu wa kuongeza, na muda wa kumsafirisha kituoni hauhesabiwi. Kutoka saa nane hadi saa mbili ni saa sita. Je, kuna maombi ya nyongeza? Safari ilichukua muda gani? Kasome vifungu vya 50 na 51 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kisha hukumu kumi za karibuni zinazovitaja, na uone mahakama imekubali visingizio gani na imekataa vipi. Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: anzia kwa Paulo Maduka na wenzake, rufaa ya jinai Na. 110 ya mwaka 2007, iliyodai kuwepo na kumbukumbu za maandishi za nani alikamata, nani alitunza, nani alikabidhi kwa nani. Kisha, na hapa ndipo mawakili wavivu husimama, soma hukumu zilizofuata zinazosema mnyororo ukikatika si lazima kielelezo kianguke, hasa kikiwa kitu ambacho si rahisi kubadilishwa kikipita mikononi mwa watu. Kete ni rahisi kubadilishwa. Pikipiki si rahisi. Lazima uijue hoja ya mpinzani kabla hajaisimamia. La tatu ni nyaraka zenyewe. Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake, mwaka 2003, msimamo unajulikana: hati ikishapokelewa kama kielelezo isomwe mahakamani, la sivyo iko hatarini kufutwa kwenye kumbukumbu. Nimeshuhudia kesi iliyoonekana imekwisha ikafa kwa sababu ya taarifa ya Mkemia iliyopokelewa, ikagongwa muhuri, na hakuna aliyeisoma.

Zile kete mbili zilizopotea, kwa kweli, mimi ningeziacha hadi dodoso, na nisingemwuliza mkamataji kwa nini zimepungua. Ningemwuliza alihesabu mara ngapi, mbele ya nani, na alizifunga kwa lakiri ya rangi gani. Ukimwuliza kwa nini, atakueleza.

Dodoso hatufundishwi vya kutosha. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo inakupa msingi, ila ustadi unakuja kwa kufanya na kuchekwa. Tafuta wenzako wawili, mkutane Jumamosi moja kwa mwezi, mmoja awe shahidi mwenye jalada, mmoja ahoji, wa tatu awe hakimu mkorofi. Fanyeni kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na kabla ya hapo pia mashahidi walisema Kiswahili huku hakimu akiandika Kiingereza. Kumbukumbu za Kiingereza bado utazikuta nyingi kwenye majalada ya rufaa, na ndani yake kuna mitego. Shahidi anasema "nilimtambua." Je, alimwona usiku ule kwa mara ya kwanza akashika sura yake, au alikuwa akimfahamu tangu zamani? Kwa Kiingereza ni vitenzi viwili tofauti, na hakimu atachagua kimoja bila kumwuliza shahidi. Kesi nzima ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ile ya utambuzi wa macho, inasimama hapo: umbali, muda wa kumtazama, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, na kama shahidi alimjua mtu huyo kabla. Kwa hiyo zoea kuandika maswali yako kwa Kiswahili kinachoziba mwanya. "Kabla ya usiku huo ulikuwa umemwona wapi?" Jibu lake lina mahali, lina siku, na halitafsiriki vibaya.

Sayansi ndiyo sehemu tunayoikimbia. Wengi tulikwenda sheria kwa sababu hesabu zilitushinda, na siku daktari au mkemia anapopanda kizimbani tunamwuliza kama ana shahada. Usifanye hivyo, anayo. Nenda kwa daktari wa hospitali ya wilaya unayemfahamu, umnunulie soda, umwombe akusomee fomu ya PF3 ya kesi iliyokwisha, ukiwa umeziba majina, akueleze kila neno, na hasa akuambie ni hali gani nyingine inayoweza kuacha dalili zile zile. Saa moja tu. Na ukumbuke mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeandika taarifa aitwe ahojiwe, na mahakama ya chini inatakiwa kumweleza haki hiyo. Kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kina rufaa nyingi nyuma yake. Kwa vinasaba kuna sheria yake ya mwaka 2009. Kwa ujumbe wa simu, picha za skrini na miamala, soma kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kisha tafuta kijana anayetengeneza simu akuonyeshe kwa macho yako jinsi mazungumzo ya WhatsApp yanavyoweza kufutwa nusu na kubaki nusu. Mafundi wale wanajua mengi kuliko baadhi ya mashahidi wataalamu niliowahi kukutana nao.

Majirani nao ni darasa, ukijua mipaka. Kenya Law ina hukumu za Kenya bure, na nyingi za jinai zimeandikwa vizuri sana. Lakini nyingi pia zinasimama juu ya Katiba yao ya mwaka 2010, hasa ibara ya 49 na ya 50, ambazo sisi hatuna. Mfano ni hukumu ya Muruatetu, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji ni kinyume cha katiba. Kwetu adhabu hiyo imebaki kwenye Kanuni ya Adhabu, na Mahakama ya Rufani iliihalalisha adhabu ya kifo katika kesi ya Mbushuu mwaka 1995. Upande wa pili, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema mwezi Novemba 2019, katika shauri dhidi ya Tanzania, kwamba kumnyima jaji uhuru wa kupima adhabu kunakiuka haki ya kuishi. Mwezi huo huo Serikali ikawasilisha uamuzi wa kujitoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri pale moja kwa moja, na mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Hukumu zenyewe hazijafungwa, zipo, zinasomeka, na zinafaa kutajwa mbele ya jaji anayesikiliza. Wakili wa Arusha asiyewahi kuingia kwenye mahakama ile kusikiliza, na hali iko mjini kwake, sijui nimwambie nini.

Kuna shule moja ambayo wengi wanaidharau kwa sababu haina malipo ya maana: kesi za kupangiwa. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 mshtakiwa asiye na uwezo anaweza kupatiwa wakili, na kwenye vikao vya mauaji majina ya mawakili hupangwa. Ukipewa, usiichukue kama adhabu. Utapata kesi ya mauaji kutoka mwanzo hadi hukumu, mbele ya jaji, wakati wenzako wa mjini wanagombania madai ya mikopo. Ila fanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi, yaani nenda gerezani kabla ya siku ya kesi. Nimewasikia mahabusu wa Keko na Butimba wakisema wakili wao walimwona kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya jaji. Nenda na nakala ya maelezo ya mashahidi, msomee mteja polepole, nyamaza, mwache azungumze. Kama ana ushahidi kwamba hakuwepo eneo la tukio, hapo ndipo utakapoujua, na notisi yake inatakiwa kutolewa mapema, siyo siku ya utetezi.

Ukiwa huna kesi, kakae benchi la nyuma. Kisutu asubuhi yoyote ya kazi kuna mtu anahoji shahidi, na mahakama ni ya wazi. Nilijifunza kunyamaza baada ya jibu zuri kwa kumtazama mzee mmoja aliyekuwa akipata alichokitaka, anakunja karatasi yake, anasema, "Sina zaidi, Mheshimiwa," na kuketi, huku mimi pale nyuma nikiwa na maswali kumi ambayo ningeyauliza na kuharibu yote.

La mwisho ni dogo na ni la karani, lakini limewafunga watu. Siku hukumu inaposomwa na mteja akatiwa hatiani kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, usiondoke na faraja tu. Notisi ya kusudio la rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 10. Sababu za rufaa ni ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30. Ziandike kwa wino mwekundu kwenye gamba la jalada, pamoja na tarehe yenyewe ya kalenda, kabla hujatoka kwenye lango la mahakama. Mteja wangu wa mwaka 2018, notisi yake ya pili niliiwasilisha siku ya tatu.